Kuzungumza na watu wa chakula Mwanza mpaka upate maelezo yanayopikika

Muulize mama lishe wa Kirumba, "Samaki wako unampikaje mpaka akawa mtamu hivi?" Atakujibu, "Kawaida tu, unamuunga na viungo vyake." Hajakuficha kitu. Ujuzi wake umekaa mkononi, kwenye kopo analopimia na kwenye jicho linalotazama mafuta, na mtu hana sababu ya kutamka jambo ambalo mkono wake unalifanya kila siku. Basi swali likiulizwa juu juu, jibu litakuja juu juu.

Maelezo haya ni ya mtu anayetaka kurekodi na kuandika mazungumzo na mama lishe, wachoma samaki, waanika dagaa, wapishi wa hoteli na wahudumu wa baa, hapa Mwanza na mialo ya jirani, yaani sehemu za ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, akatoka na maandishi ambayo msomaji wa Tabora au Mtwara anaweza kuyafuata jikoni kwake.

Saa ya kwenda

Mazungumzo mengi huharibika kabla hayajaanza, kwa sababu ya saa. Mama lishe wa kituo cha mabasi Nyegezi huwasha jiko saa 10 alfajiri kwa ajili ya chai na chapati, hupumua kidogo saa 4 asubuhi, na kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana hana nafasi hata ya kuitikia salamu. Nenda saa 9 alasiri, vyombo vikioshwa. Mchoma samaki wa jioni mfuate saa 10 alasiri anapoparua magamba, kwa sababu saa 12 mkaa ukishashika, macho yake yote yako kwenye wavu. Mhudumu wa baa yuko huru saa 5 asubuhi, wakati wa kufagia na kupokea kreti. Mtu wa mapokezi ya hoteli mtafute mchana, wageni wa jana wakishatoka na wa leo hawajafika.

Kwa dagaa, saa haitoshi, tazama mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola na betri, na taa huwavuta vizuri giza likiwa nene. Mbalamwezi ikikolea dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo wavuvi wengi hukaa nchi kavu siku kadhaa. Siku hizo wana muda wa kuzungumza ila huoni kazi. Siku za giza unaona kazi ila hakuna wa kukaa nawe. Panga safari mbili kwenye mwalo mmoja, iwe Igombe au Kayenze: ya kwanza gizani, utazame na kuandika maswali, ya pili mbalamwezi, uyaulize. Anayekwenda mara moja tu hurudi na nusu ya habari.

Mwaloni Kirumba, soko kubwa la dagaa na samaki wakavu, asubuhi ni ya mizigo, makuli na magari yanayopakia kwenda mikoani na nchi jirani. Pita kwanza ofisi ya soko ujitambulishe. Kwenye mialo midogo, anza kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Usipofanya hivyo utadhaniwa mtu wa doria au wa mapato, na kila jibu utakalopata siku hiyo litakuwa la kujikinga.

Vya kubeba

Simu inatosha kurekodia. Iweke katika hali ya ndege, vinginevyo simu ikipigwa itakata rekodi katikati ya sentensi uliyoifuata. Ukirekodi WAV ya mono, tenga karibu MB 300 kwa kila saa. Ilaze juu ya kanga iliyokunjwa, kama sentimita 30 kutoka mdomoni mwa msemaji, wala usiiweke juu ya meza anayokatia vitunguu: kila pigo la kisu litasikika kama nyundo. Usiisogeze karibu na karai, kwani mlio wa mafuta humeza herufi s na sh, ukija kusikiliza hujui alisema neno gani. Ufukweni upepo wa ziwa hupanda jua linapopanda. Vuta soksi safi juu ya maiki, kaa nyuma ya ukuta au jiwe (Mwanza mawe hayaishi), na rekodi kabla ya saa 4 asubuhi. Jaribu dakika moja, sikiliza kwa spika za masikioni, ndipo uanze.

Zaidi ya simu, beba mizani ya jikoni ya kilo 5 inayosoma gramu moja moja, mizani ya kuning'iniza kwa mizigo mikubwa, jagi la lita moja lenye alama, tepu ya fundi cherehani, na daftari lenye kalamu ya risasi. Wino huyeyuka kwa mvuke na maji ya samaki. Mizani ndiyo inayosahauliwa na wengi, na ndiyo inayotenganisha maandishi ya maana na porojo.

Salamu, sahani na ruhusa

Mkubwa mpe shikamoo, kisha "poleni na kazi". Ukijua Kisukuma, "mwangaluka" ya asubuhi au "mwadila" ya baadaye, ukiongeza "mayo" kwa mama na "bhabha" kwa baba, hufungua uso. Lakini usikisie kabila: nyuma ya majiko ya Mwanza wapo Wakerewe, Wajita, Wahaya, Wazinza na Wakara, na Msukuma kwenye kibanda ni mmoja kati yao. Anza na Kiswahili. Mwite kama majirani wanavyomwita; akiitwa Mama Neema, ni Mama Neema kwako pia, na kijana wa chipsi ni kaka au fundi. Uliza mapema kibanda ni cha nani. Mara nyingi mwenye kibanda na mpishi ni watu wawili, na mpishi akirekodiwa bila mwenye kibanda kujua, anaweza kupoteza kazi.

Agiza chakula, lipa bei yote, kula ukimalize. Mwenye chakula husoma sahani yako kabla hajakusoma wewe. Mazungumzo yakizidi saa moja, fidia muda, na kiasi kitajwe mwanzoni, mbele ya rekodi. Kumpa noti mwishoni baada ya majibu mazuri humfundisha kwamba majibu fulani yanalipa.

Ruhusa iombwe kwa maneno ya kueleweka, na yarekodiwe: "Mama, naomba nikurekodi sauti unavyoeleza mapishi yako. Nitaiandika watu waisome mtandaoni. Ukitaka jina lako nitaliweka, usipotaka nitaandika mama lishe wa Kirumba. Ukitaka nisimame, niambie. Ukibadili mawazo kesho, nitafuta." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka mtu ajue taarifa zake zinakwenda wapi. Sauti na sura ni taarifa. Wateja wanaokula nyuma yake hawajakupa ruhusa yoyote, kwa hiyo picha ipigwe kuelekea sufuria.

Maneno ya kuvizia

Kuna maneno manne ambayo yakitamkwa usiyaache yapite: kiasi, kidogo, kawaida, mpaka viive. Kila moja limeficha kipimo.

"Unatia chumvi kiasi." Mwombe achote kama anavyochota siku zote, amwage kwenye mizani. Afanye hivyo mara tatu, uandike zote tatu. Zikiwa gramu 11, 12 na 11, mkono wake ni mizani tosha. Zikiwa 7, 15 na 10, basi hapimi kwa mkono, anaonja. Hapo swali linabadilika: unaonja lini, mchuzi ukiwa umepungua kiasi gani, na ukikuta umezidi unafanya nini?

"Mpaka viive." Uliza anaona nini, anasikia nini, ananusa nini. Nyanya ikiiva mafuta hujitenga pembeni mwa sufuria na mlio hubadilika kutoka wa kuchemka kuwa wa kukaanga. Mpishi mzuri anajua hilo, ila atalisema pale tu utakaposimama naye juu ya sufuria na kuuliza, "Sasa hivi bado? Umejuaje bado?"

"Kawaida" livunje kwa jana. Badala ya "huwa unafanyaje?" sema, "Nipeleke jana, tangu ulipoamka." Jana ina saa, bei, mvua na mteja aliyekula akaondoka bila kulipa. Kisha peleka swali kwenye hasara: "Mara ya mwisho chakula kilikuharibikia, kilianzaje?" Swali hilo halina mpinzani. Watu huona haya kujisifu, lakini ubwabwa ulioungua wataueleza hatua kwa hatua, na ndani ya maelezo hayo mna kanuni zote za kuupika usiungue.

Akinyamaza, hesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kuongeza neno. Anatafuta. Waulizaji wengi huingilia kati kwa swali jipya na kulipoteza lililokuwa njiani.

Vipimo vya soko

Sado ni ndoo ndogo iliyokuwa ya rangi, yenye ujazo wa karibu lita 4. Sado iliyosawazishwa na sado iliyojazwa mpaka ikafanya kichuguu ni vitu viwili, na kuna zilizobonyezwa chini. Pima kwa maji kabla hujaandika. Debe ni lita 20 kwa ujazo, lakini debe la dagaa wakavu na debe la mahindi hayakaribiani uzito hata kidogo. Gunia la lumbesa, lile lililoongezewa kichwa na kushonwa kwa kamba, usiliandike kilo 100. Liulizie uzito au lipime. Fungu la dagaa au sato halina kipimo kabisa: hesabu samaki, pima fungu tatu, taja tarehe.

Saa nazo ni mtego. Mama akisema saa 10 hujaelewa mpaka useme nawe "alfajiri au alasiri?" Kijana mwenye simu anaweza kukusomea 15:00, ukiiandika saa 15 msomaji atachanganyikiwa. Andika saa 9 alasiri.

Mfano wa dagaa

Mwanika dagaa ukimuuliza "dagaa wanakaushwaje?" atasema "juani." Hizi hapa ndizo hatua za kuuliza zinazofaa, kwa mpangilio wake.

Anza na mahali: walianikwa juu ya nini? Mchangani, kwenye nyavu zilizotandazwa, juu ya jiwe, au kwenye chanja iliyoinuliwa? Jibu hili peke yake linaeleza bei. Wa mchangani hubeba mchanga ambao mpishi hutumia maji matatu manne kuutoa na bado jino linaukuta. Wa chanja hupata hewa juu na chini, hukauka haraka, na kuku hawawakanyagi.

Kisha wingi: wanatandazwa unene gani? Pima kwa kidole. Wakilala tabaka juu ya tabaka, wa chini huchacha kabla hawajakauka. Wanageuzwa mara ngapi, na saa ngapi? Jua likiwa kali wa chanja hukauka kwa siku moja. Muulize anajuaje wamekauka. Wengine huvunja kichwa wasikie mlio, wengine hukamata konzi na kuachia waone kama wanashikana.

Halafu mizani. Dagaa mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, karibu robo tatu ya uzito wake, kwa hiyo kilo 3 mpaka 4 za wabichi hutoa kilo moja ya wakavu. Namba ya mwanika dagaa ikiwa mbali na hiyo, mambo ni mawili: ama alipimia kwa ndoo, au dagaa wake wanauzwa bado wana maji. Hao wa maji huota ukungu ndani ya gunia kabla hawajafika waendako.

Mwisho mvua. Hapa kaa sana, kwa sababu ndipo hasara ilipo. Wingu likitanda wamekwisha anikwa, anafanya nini? Anafunika kwa turubai? Anarudisha ndani? Kwa muda gani kabla hawajaanza kubadilika? Dagaa mzuri hung'aa kama fedha. Aliyelowa hugeuka kahawia na mafuta yake hupata ladha ya uchungu. Huyo huishia kwenye chakula cha kuku, kwa bei ya chakula cha kuku. Muulize ni siku ngapi masika iliyopita alizouza hivyo. Ataikumbuka kila moja.

Mfano wa sato wa kukaanga

Simama upande wa mkono wake wa kazi, siyo mbele yake, uone kisu kama anavyokiona yeye. Pima sato kabla ya kuparuliwa, baada ya kutolewa matumbo na mashavu, na baada ya kukaangwa. Hesabu mikato ya ubavuni na upime kina chake: mkato usiofika karibu na mfupa huacha nyama ya mgongoni mbichi wakati mkia umeshakauka.

Swali ambalo karibu kila mtu hulisahau: baada ya chumvi na ndimu, samaki anakaa muda gani kabla ya kuingia kwenye mafuta, na anakaa wapi? Jibu la "nusu saa kwenye chujio" ni dhahabu. Ngozi yenye maji hurusha mafuta, hupoza karai na kushika chini. Anayeandika "mtie chumvi na ndimu kisha kaanga" amemwandalia msomaji wake samaki aliyechunika.

Muulize anajuaje mafuta yamefika. Kama anatumbukiza ncha ya mwiko mkavu, povu linatokaje, la haraka au la pole? Kama ana kipande cha kitunguu, kinapanda juu baada ya sekunde ngapi? Hesabu wewe. Anaweka samaki wangapi kwa pamoja kwenye karai la upana gani? Pima upana kwa tepu. Akiweka watano badala ya watatu mafuta hupoa, samaki hunyonya mafuta badala ya kukaangika. Anageuza lini? Wazoefu humwacha mpaka ajiachie mwenyewe. Ukimlazimisha mapema, ngozi inabaki chini. Washa saa ya simu, andika dakika za kila upande, na uandike ukubwa wa samaki kando yake, maana dakika bila uzito hazina maana.

Sangara, kayabo (sangara aliyekaushwa kwa chumvi) na mapanki (mifupa ya sangara inayobaki viwandani) vina maswali yake, lakini njia ni hiyohiyo: alitandaza nini juu ya nini, kwa muda gani, kilipoharibika kilionekanaje.

Pesa

Zije mwishoni, na zisije kwa neno "faida". Jenga upya jana: mchele kilo ngapi, ulitoka sahani ngapi? Kilo moja ya mchele ikiiva hufika karibu kilo mbili na nusu, kwa hiyo ukipima sahani moja ya wali utajua mwenyewe kama hesabu inakaa sawa. Kisha taja yale yasiyotajwa: mkaa, maji, nauli, ushuru, msaidizi, sahani za watoto wake, wateja wa deni, marejesho ya mkopo. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, imewabana wengi. Akiigusia, sikiliza, uliza masharti yake, na usimwandike kwa jina.

Ya kuzima rekodi

Gongo ni haramu kisheria. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Kuna wanaouza bila kibali wala cheti cha kupima afya. Mazungumzo yakifika huko, zima rekodi, na umwambie umezima. Picha ya samaki mdogo kwenye beseni la mama inaweza kumfunga yeye, wakati aliyemvua yuko majini. Wanawake wanaonunua samaki mwaloni wanaweza pia kusimulia manyanyaso wanayopata ili wapewe samaki. Usiyaulize mbele ya watu, usitaje mwalo, na usiandike chochote kabla hajarudia kukuruhusu siku nyingine akiwa ametulia.

Kupata mwaka

"Zamani" haina tarehe. Itundike kwenye tukio: kabla au baada ya MV Bukoba kuzama, Mei 1996? Mvua za El Nino za 1997 na 1998? Ziwa lilipojaa 2020 likaingia kwenye vibanda? Kwa wazee, vita ya Kagera ya 1978 na miaka ya foleni za bidhaa iliyofuata. Uliza furu, samaki wadogo wa ziwani ambao sangara aliwala, walipotea mezani lini, na watakuambia habari nyingi zaidi za sangara alivyotapakaa miaka ya 1980 kuliko utakavyosoma popote. Kumbukumbu mbili zikigongana, andika zote mbili na nani alisema.

Wahudumu

Mhudumu wa hoteli au baa hana kipimo cha kuonyesha. Ujuzi wake ni kusoma watu. Mpe tukio moja: mteja aliyekataa bili, meza ya watu kumi iliyoagiza sato wakati wamebaki sita. Nani aliambiwa kwanza, mpishi au mteja? Kwa maneno gani hasa? Maneno hayo yaandike neno kwa neno, ndiyo ufundi wenyewe.

Kuandika na kurudi

Sikiliza siku hiyohiyo, kabla harufu ya jiko haijakutoka. Saa moja ya rekodi hula saa nne hadi sita za kuandika. Lipe faili jina lenye tarehe, mahali na kazi, na nakala ziwe tatu sehemu tatu tofauti, moja nje ya simu. Kiswahili chake usikinyooshe. Akisema michembe au matobolwa, acha hivyo na ueleze mara moja: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kukaushwa, matobolwa vimechemshwa kwanza.

Kisha pika kwa kufuata karatasi peke yake, bila kukumbuka ulichokiona. Utakapokwama, weka alama hapo. Sato akishika kwenye karai, mpige picha, rudi kwa Mama Neema saa 9 alasiri umwonyeshe. Atacheka, atakuambia ulichoacha, na mara nyingi ni kitu ambacho hakikutajwa hata mara moja kwenye rekodi nzima. Ukishasahihisha, mpelekee nakala yake ya karatasi kwa herufi kubwa, iliyofunikwa plastiki, kwa sababu itakaa karibu na moshi na mafuta.